Tikolo Alipaswa Kuingia wa Ngapi?

 Leo nataka tuufufue ubishi mmoja wa zamani, ule uliokuwa ukianza pembeni mwa uwanja wa Nairobi Gymkhana kabla mpira wa kwanza haujarushwa, ukaendelea ndani ya matatu mpaka watu wanashuka mtaani kwao bado wanabishana. Ubishi wenyewe ni huu: Steve Tikolo, mpigaji bora kuliko wote ambao Kenya imewahi kuwa nao katika kriketi, alipaswa kuingia uwanjani wa ngapi?

Wapo watakaouliza kwa nini nirudi huko leo, wakati Kenya haijaonekana kwenye Kombe la Dunia la kriketi tangu 2011. Narudi kwa sababu timu inapotajwa siku hizi, naona kosa lile lile limekaa pale pale kwenye karatasi ya majina, na hatutalitoa kama hatujui lilianza vipi.

Nikupeleke kwanza Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Machi 2003. Kenya iko katika hatua ya timu sita bora za Kombe la Dunia. Mbele yake ni Australia, mabingwa watetezi, timu ambayo katika mashindano yale haikufungwa na mtu. Kenya inaanza kupiga. Wanaingia kwanza Kennedy Otieno na Ravindu Shah. Mwenye mpira ni Brett Lee, kijana anayerusha kwa kasi ambayo jicho la kawaida haliufuati mpira. Ova ya nne inafika. Lee anarusha, Otieno anatoka. Anaingia Brijal Patel, namba 3. Mpira mmoja tu, ametoka. Anaingia David Obuya, namba 4. Mpira mmoja tu, vigingi vimeanguka. Mipira mitatu, watu watatu. Ubaoni pameandikwa mikimbio 3, wiketi 3.

Hapo ndipo alipoingia Tikolo. Nahodha, mtu mwenye gongo la kutegemewa kuliko wote, anaingia namba 5 wakati nyumba imeshashika moto. Alipiga 51 siku ile. Shah, aliyekuwa ameshuhudia yote akiwa upande wa pili, alivumilia mpaka 46. Hitesh Modi alibaki uwanjani na 39 bila kutolewa. Kenya ikamaliza ova 50 ikiwa na 174. Australia walizifikia, lakini walipoteza wapigaji watano njiani, na nitarudi baadaye kwa mzee aliyewasumbua.

Sasa hesabu yangu ni rahisi. Kama mtu aliyepata 51 baada ya maafa yale angeingia pale alipoingia Patel, ingekuwaje? Labda Lee angemtoa naye. Inawezekana. Mpira uliomtoa Obuya ungeweza kumtoa mpigaji yeyote duniani. Lakini angalau tungekuwa tumempa kazi ngumu fundi, badala ya kuwatuma wanagenzi wakapambane na dhoruba huku fundi amekaa barazani amevaa vifaa vyote akisubiri.

Nisiwaache nyuma wale mliozoea kandanda. Katika kriketi ya siku moja kila upande unapewa mipira 300, yaani ova 50 za mipira sita sita. Wapigaji huwa wawili uwanjani. Akitoka mmoja anaingia mwingine, na wakishatoka kumi zamu imekwisha, hata kama mipira imebaki mia mbili. Kwa hiyo orodha ya wapigaji si foleni ya benki. Mpira mpya ni mgumu, unang'aa, mshono wake umesimama. Hewani hupinda, chini huruka ovyo. Ukishapigwa ova kumi na tano au ishirini unalainika, unapoteza mng'ao, na kuupiga kunakuwa kwepesi. Wale wawili wa kwanza mimi huwaita wakata umande. Anayetangulia njiani alfajiri ndiye anayelowa miguu, na wanaofuata nyuma wanapita pakavu. Kazi yao si kupata sifa. Kazi yao ni kuuchakaza mpira ule na kubaki.

Namba 3 ndiye mwenye kiti kigumu kuliko vyote, kwa sababu hajui ataitwa lini. Anaweza kuingia mpira wa pili wa mchezo, anaweza kuingia baada ya saa mbili. Lazima awe mkata umande na mjenzi kwa wakati mmoja. Namba 4 na 5 wanajenga. Namba 6 na 7 wanaangalia saa na ubao, wanaharakisha au wanaziba nyufa. Kuanzia 8 kushuka ndio tunaouita mkia, warushaji walioajiriwa kwa mikono yao mingine.

Waliotaka Tikolo akae namba 5 hawakuwa wajinga, na sitaki kuwasema vibaya. Hoja yao ilikuwa nzito. Walisema: tuna mtu mmoja wa kiwango cha dunia, tukimpoteza ova ya pili, wenzake wataporomoka kama kuta za udongo wakati wa masika. Afadhali tumfiche mpaka mpira uchakae, kisha aje awaongoze vijana na mkia mpaka ova ya 50. Na walikuwa na ushahidi. Huko Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, siku ambayo kila Mkenya anayeujua mchezo huu anaikumbuka, Tikolo aliingia namba 4. Courtney Walsh wa West Indies aliwatoa watatu wa mwanzo, Dipak Chudasama, Tariq Iqbal na Kennedy Otieno. Tikolo akapata 29, na hakuna mpigaji wa Kenya aliyemzidi. Jumla ilikuwa 166. West Indies yenye Brian Lara na Richie Richardson ikatolewa yote kwa 93, Rajab Ali akiwa amewaondoa wote wawili, na nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15 na tuzo ya mchezaji bora.

Lakini msikilizaji, itazame tena ile 166. Mikimbio ya ziada, ile ambayo West Indies walitugawia kwa kurusha vibaya, ilikuwa mingi kuliko ya mpigaji yeyote wetu. Na nani aliyeiokoa zamu ile? Ni Hitesh Modi, namba 6, pamoja na kijana wa miaka 17 aliyeitwa Thomas Odoyo, aliyeingia namba 8 akapata 24. Ushindi ule mkubwa tuliujenga kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa mtamu mno, na nadhani utamu wake ndio uliotufundisha vibaya. Tulizoea kuamini kwamba juu kukiharibika, chini kutatengenezwa. Odoyo mwenyewe alikuja kupata zaidi ya mikimbio 2,000 na zaidi ya wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja, sehemu kubwa ya kazi yake ya gongo akiifanya watu wa juu wakiwa wameshavua pedi.

Hivyo kwangu swali la namba ya Tikolo ni dalili tu, homa ya ugonjwa mwingine. Ukimficha mpigaji wako bora, umekiri kwamba huwaamini waliotangulia. Na kama huwaamini, kwa nini uliwachagua? Hapo ndipo mpangilio wa wapigaji unapogeuka kuwa swali la uteuzi.

Kenya haikukosa wakata umande tangu zamani. Oktoba 1997, hapa hapa Nairobi, Chudasama na Otieno waliingia pamoja dhidi ya Bangladesh na hawakutenganishwa mpaka mikimbio 225. Chudasama alipata 122, Otieno 144. Siku ile hakuna jozi ya wafunguaji duniani iliyokuwa imewahi kufika hapo katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Rekodi ya dunia, Nairobi, majina mawili ya kwetu! Mwaka uliofuata, mjini Gwalior, Kenya ikaifunga India nyumbani kwake. Odumbe 83, Shah 70. Timu iliyoweza hayo ilikuwa na sehemu ya kuanzia. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuuliza: Chudasama akiondoka, nani atakaa mahali pake, na tuanze lini kumzoesha? Miaka mitano baadaye, Durban, tulikuwa na namba 3 na namba 4 waliodumu mpira mmoja mmoja. Siwalaumu Patel na Obuya hata kidogo. Nawalaumu waliowapandisha na kuwashusha mechi baada ya mechi kama ndoo ya kisimani, mpaka kijana akawa hajui kama amechaguliwa kukata umande, kujenga, au kudaka mpira nyuma ya vigingi na kupiga pale patakapobaki nafasi.

Na kuna hadithi inayotumiwa vibaya kutetea upandishaji wa namna hiyo. Tarehe 4 Oktoba 1996, uwanja ule ule wa Gymkhana, Pakistan ilicheza na Sri Lanka. Kijana mmoja aliyekuwa ameitwa kikosini kwa ajili ya kurusha mipira ya kuzunguka alitumwa kupiga namba 3. Jina lake Shahid Afridi. Alifikisha mia kwa mipira 37, akapiga mipira 11 ikavuka mpaka bila kugusa chini, na rekodi ile ya mia ya haraka ilidumu mpaka siku ya kwanza ya mwaka 2014. Waliokuwapo wanasimulia mpaka leo. Basi tangu siku ile kila mteuzi wa Nairobi akitaka kumrusha mtu juu bila mpango husema, mbona Afridi? Nawajibu hivi. Pakistan walikuwa wamemwona kijana yule akipiga mazoezini, wakaona ana mkono. Tena walikuwa na watu wa kweli juu yake na chini yake. Siku ile ile Saeed Anwar, mfunguaji wao, alipata mia na zaidi. Walicheza kamari wakiwa na akiba ndani ya nyumba. Sisi tulicheza kamari na posho ya mwezi.

Kwenye uteuzi pia tumekuwa na maneno ambayo husemwa kwa kunong'ona, nami nayasema kwa sauti. Kwamba timu ilikuwa ya familia. Ndugu watatu wa Obuya: Kennedy Otieno, David na Collins. Kina Suji, Martin na Tony. Kina Odumbe, Maurice na Edward. Kwamba Waasia wanapendelewa, au Waafrika wanapendelewa, kutegemea anayesema ni nani. Mimi nawaomba watu wasome karatasi ya Pune: Chudasama, Iqbal, Otieno, Tikolo, Odumbe, Modi, Suji. Wamefuatana hivyo hivyo, na kila mmoja alitegemea aliyemtangulia. Hitesh Modi, yule yule wa Pune na Durban, mwaka 2006 alikuwa akiichezea Kenya dhidi ya Bangladesh hapa Nairobi. Mwamuzi alikuwa Subhash Modi, baba yake mzazi. Mpira ukampiga Hitesh mguuni mbele ya vigingi, Bangladesh wakadai, na baba akanyoosha kidole: toka. Mwanawe akaondoka. Sheria ilikuwa imeandikwa, kila mtu aliyekuwa uwanjani aliijua, na kidole kilinyooshwa mchana kweupe.

Uteuzi wetu haujawahi kufanana na kidole kile. Majina hutoka, sababu hazitoki. Mchezaji hujua ameachwa kwa kusikia majina ya wenzake.

Na bado, wateuzi hao hao walipofanya kazi kwa kufikiri, walifanya jambo la kupigiwa mfano. Nilisema nitarudi kwa mzee wa Durban. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyeichezea Kenya tenisi katika Davis Cup na aliyekuwa nahodha wetu wa kriketi kwenye Kombe la Dunia la 1999, alikuwa ameshastaafu. Kwa ajili ya 2003 aliombwa arudi, umri miaka 39. Wapo waliokasirika, kwamba nafasi ya kijana imechukuliwa na mtu aliyekwisha kuaga. Jioni ile dhidi ya Australia alipewa mpira. Kwa mipira yake ya taratibu ya mkono wa kushoto alirusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, akawaondoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Mshindi alikuwa Australia lakini mchezaji bora alikuwa Karim. Alichaguliwa kwa sababu kulikuwa na kazi maalumu, kuubana mchezo ova za katikati, na yeye alikuwa anaijua kazi hiyo. Uganda walifanya vivyo hivyo mwaka 2024 kule Guyana, walipopata ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia la ova 20 dhidi ya Papua New Guinea: Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi mbili. Umri haukuulizwa. Iliulizwa kazi.

Lakini hata ndugu zetu wa Uganda niwaambie ukweli kama jirani. Siku ile walikuwa wanatafuta mikimbio 78 tu, na wapigaji watano wakatoka kabla ya kufika 30. Riazat Ali Shah ndiye aliyewavusha kwa 33 zake. Siku chache baadaye West Indies wakawatoa wote kwa 39. Umande haujakatwa huko pia.

Mtu ninayemfikiria zaidi nikiwaza haya yote ni Collins Obuya. Februari 2003, Gymkhana, aliwatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzunguka, kijana mdogo ambaye klabu ya Warwickshire ya Uingereza ilimchukua baada ya Kombe la Dunia la mwaka ule. Kisha mkono ule ukapotea. Mipira haikuzunguka tena kama zamani. Wengine wangekata tamaa, lakini Collins alishika gongo. Akapanda ngazi kutoka kwenye mkia, moja baada ya nyingine, kwa miaka, si kwa siku moja ya bahati. Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, Kenya ikiifukuza Australia iliyokuwa imepata 324, Collins alipiga 98 bila kutolewa. Ova 50 zilikwisha akiwa amebakisha mikimbio miwili kufika mia. Kenya ilipata 264. Tulishindwa kwa 60, na ni Kombe la Dunia lile lile tuliloanza kwa kutolewa wote na New Zealand kwa 69. Timu moja, mwezi mmoja, 69 na 264! Tofauti haikuwa vipaji. Watu ni wale wale. Siku ya Bangalore kulikuwa na mtu katika safu ya juu aliyejua kwamba mahali pale ni pake.

Baada ya hapo mnajua yaliyofuata. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Wengi huilaumu migogoro ya uongozi, mgomo wa wachezaji wa 2004, fedha. Ni kweli yote hayo yaliumiza, nami sina haja ya kuyarudia leo. Lakini fedha haikumtuma mtu namba 3 ambaye hajawahi kuzoeshwa namba 3.

Kwa hiyo ombi langu kwa wateuzi, na nalisema nikiwa na heshima kwa kazi yao ngumu. Kabla ya msimu, tajeni wafunguaji wawili na namba 3 wenu. Watatu tu. Waambieni wao kwanza, kisha mtuambie sisi, na msiwaguse msimu mzima hata wakitoka mara tatu mfululizo bila kupata kitu, kwa sababu mkata umande atatoka mapema mara nyingi, ndiyo hali ya kazi yake. Vilabu vya ligi navyo viwaache vijana hao wafungue zamu Jumapili, wasiwaweke namba 6 huku vikimpa mgeni wa kulipwa nafasi ya juu. Na mkimwacha mtu, andikeni sababu mbili tatu, zisomwe hewani. Redio hii itazisoma.

Mpigaji wenu bora mpeni namba 3, baada ya wawili mnaowaamini. Tikolo nami ningempa hiyo hiyo, hata siku ya Brett Lee. Mnaopinga, simu ziko wazi.